Vijidudu vya Tumboni na Chakula cha Wazee

Katika shule nyingi za bweni zilizouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hata Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, kuna chakula kimoja ambacho kila mwanafunzi anakijua, nacho ni githeri. Mahindi mazima na maharagwe hutiwa pamoja katika sufuria kubwa, yakachemshwa kwa saa nyingi, kisha yakapakuliwa sahani kwa sahani, na wanafunzi wakayapokea kwa manung'uniko. Aliyeletewa fedha kidogo kutoka nyumbani hukimbilia dukani akanunua mkate mweupe, akaula mbele ya wenzake kama mtu aliyepata cheo. Nani awezaye kumlaumu? Mkate ni mwororo, na githeri huchosha taya.

Lakini lau mwanafunzi huyo angaliweza kuliuliza tumbo lake lapendelea kipi, angalipata jawabu la kumshangaza. Jawabu hilo halikupatikana kwa siku moja. Lilitafutwa kwa muda wa karibu miaka mia, na walioshiriki katika kulitafuta walikuwa wa namna nyingi: waganga wa hospitali za Afrika ya Mashariki, wanavijiji wa Uganda, mabaharia wa Uingereza, na mwisho wao panya wadogo waliozaliwa na kulelewa ndani ya masanduku yasiyopenyeka. Insha hii yasimulia habari ya utafutaji huo, kwa maana yatuhusu sisi sote tulao.

Yafaa kwanza tupafahamu mahali penyewe. Utumbo wa mwanadamu haukai mtupu. Ndani yake, na hasa katika utumbo mpana, mnaishi vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo jicho haliwezi kuviona bila ya hadubini. Mwaka wa 2016 wataalamu wa Israeli na Kanada walikadiria kwamba mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, hesabu iliyokaribia sana ile ya seli za mwili wenyewe. Wengi wao si adui. Wanga laini, sukari na mafuta tulavyo humalizika katika utumbo mwembamba, na yanayofika chini ni mabaki: maganda ya nafaka, ngozi za maharagwe, nyuzinyuzi za majani na za mizizi. Mwanadamu hana uwezo wa kuyayeyusha mabaki hayo, ila vijidudu wanao. Huyachachusha, kama uji uchachukavyo kibuyuni, wakatoa asidi ambazo seli za ukuta wa utumbo huzitumia kama mpishi atumiavyo kuni. Mojawapo ya asidi hizo, iitwayo butirati, ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana.

Ukuta huo ni mwembamba ajabu. Safu ya seli inayokabili vijidudu ina unene wa seli moja tu. Kwa hiyo mwili umeutandazia ute. Katika utumbo mpana, ute ulio karibu na seli ni mzito na vijidudu hawapenyi kwa urahisi. Ule ulio juu yake ni mwepesi, na humo wengi wao hufanya maskani. Ute wenyewe hufanyizwa kwa protini iliyopambwa kwa sukari za namna nyingi. Msomaji na alikumbuke neno hili la sukari, kwani tutalirudia.

Nyuma ya ukuta wapo askari wa mwili, yaani seli za kinga. Mtu akichomwa na mwiba, kidole huwa chekundu, hupata joto, huvimba na kuuma, kwa sababu askari hao wamekuja kupigana na adui aliyeingia. Uvimbe wa namna hiyo ni vita vya halali, na adui akishindwa vita hukoma. Lakini yako maradhi ambayo vita hivi hupiganwa ndani ya utumbo, miezi hata miaka, bila ya kukoma. Ukuta huchimbika vidonda, mgonjwa akahara damu, akakonda, akakosa nguvu. Samuel Wilks wa London aliandika habari za ugonjwa mmoja wa jamii hiyo mwaka wa 1859, na mwaka wa 1932 Burrill Crohn na wenzake wawili wa New York wakaeleza mwingine, ambao hata leo huitwa kwa jina lake. Swali lililowasumbua waganga lilikuwa hili: askari hao wanapigana na nani?

Sasa na tuurudie mlima. Karne ya 20 ilipoanza, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakulima wa vyakula vingi. Walipanda mwere, wimbi na mtama. Walipanda njahi, kunde na mbaazi. Walikuwa na viazi vitamu, viazi vikuu, ndizi, na nduma zilizopandwa kandokando ya vijito. Majani ya kunde na ya maboga yalipikwa pamoja na vyakula hivyo. Uji wa nafaka ulichachushwa kabla ya kunywewa. Karibu kila kitu kililiwa pamoja na ganda lake.

Hali hiyo ilibadilika kidogo kidogo. Mahindi meupe, yaliyopendwa na masetla na wafanya biashara, yalienea mashambani. Mwere ulianza kupungua, na sababu moja ya kupungua kwake ilikuwa ya ajabu kidogo: mmea ule wahitaji watoto wa kuamia ndege tangu alfajiri hata jioni, na watoto walikuwa wameanza kwenda shule. Hindi hujihifadhi lenyewe ndani ya maganda yake. Kisha vikaja vinu vya maji na vya mashine, na baadaye unga mweupe uliokobolewa ukatoka viwandani ukiwa hauna pumba hata chembe. Baada ya mpango wa kilimo wa mwaka wa 1954, uliopewa jina la Swynnerton, kahawa na chai ziliingiza fedha katika nyumba nyingi za mlimani, na fedha hizo zikanunua sukari, mafuta na mkate. Mambo hayo hayakuwa mabaya yote. Yalimpunguzia mama kazi ya kutwanga, nayo ni kazi nzito. Lakini hakuna aliyeuliza vijidudu wa tumboni watakula nini.

Wataalamu wa kwanza waliokichunguza chakula cha nchi hii kwa vipimo hawakukisifu. Mwaka wa 1931 John Boyd Orr, mkuu wa taasisi ya Rowett huko Aberdeen, ambaye mwaka wa 1949 alipewa tuzo ya amani ya Nobel, alitoa taarifa pamoja na J. L. Gilks aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya Kenya. Walikuwa wamewalinganisha Wakikuyu, waliokula nafaka, mizizi na kunde, na Wamasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu. Waliona kwamba mwanamume wa Kimasai kwa wastani alimpita mwanamume wa Kikuyu kwa urefu wa inchi 5 na kwa uzito wa ratili 23. Wakikuyu walionekana na meno mabovu, upungufu wa damu na vidonda vya miguu zaidi kuliko jirani zao. Neno likaenea kwamba chakula cha wakulima wa mlimani ni duni.

Hata hivyo, taarifa ile ilikuwa na mambo mengine ambayo wasomaji wake wengi hawakuyatilia maanani. La kwanza, wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi mengi kuliko wanaume, na hali yao ilikuwa afadhali. La pili, Wamasai, pamoja na urefu na nguvu zao, walisumbuliwa zaidi na kufunga choo na maumivu ya viungo. Haifai tuyachukue maneno hayo kuwa ushahidi wa zaidi ya yaliyosemwa. Kufunga choo si sawa na uvimbe wa utumbo. Lakini yalionyesha kwamba chakula kimoja chaweza kujenga mifupa na misuli vizuri huku kikiuacha utumbo na shida zake, na kingine kikafanya kinyume. Swali la utumbo lilikuwa halijaulizwa bado.

Aliyekuja kuuliza ni mganga Hugh Trowell. Alifika Kenya mwaka wa 1929, akafanya kazi humu kwa miaka kadhaa, kisha akahamia Uganda mwaka wa 1935, akawa mwalimu na mganga katika hospitali ya Mulago. Alijulikana kwanza kwa kazi yake juu ya kwashiakori, ugonjwa wa watoto wakosao protini. Lakini alikuwa na tabia nyingine yenye manufaa: aliandika sio magonjwa aliyoyaona tu, bali na yale ambayo hakuyaona. Katika vitabu vya Uingereza alivyosomea, yalijaa maradhi ya kidole tumbo, ya kufunga choo, ya vifuko vya utumbo mpana, na ya uvimbe na vidonda vya utumbo huo. Katika wodi za Waafrika aliyaona kwa nadra sana. Mwaka wa 1960, baada ya karibu miaka 30 ya kazi, alitoa kitabu juu ya magonjwa yasiyo ya kuambukiza katika Afrika, na humo akayaeleza aliyoyakusanya.

Ni rahisi kuona kilichopo. Ni vigumu kuona kisichopo. Wodi yenye wagonjwa 40 wa malaria, kuhara na nimonia humshughulisha mganga hata asipate nafasi ya kuuliza ni nani hakuja. Kwa sababu hiyo yatupasa kuiheshimu kazi ya Trowell.

Mwenzake katika fikira hizo alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka wa 1946. Huyu naye alikuwa mtu wa kuhesabu na kuchora ramani. Mwaka wa 1961, akitafuta mipaka ya uvimbe wa saratani wa mataya ya watoto ambao baadaye ulipewa jina lake, alisafiri kwa motokaa pamoja na wenzake wawili maili 10,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, akizizuru hospitali 57. Alipokwisha kurudi Uingereza mwaka wa 1966, aliendelea kuziandikia hospitali nyingi za misheni katika Afrika, akiziuliza zilipata wagonjwa wangapi wa kidole tumbo na maradhi mengine ya utumbo. Hospitali za misheni zilikuwa mashahidi wazuri, kwani waganga wao walikaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mlimani petu mfano wa hospitali za namna hiyo ni Tumutumu iliyo karibu na Karatina, Mathari iliyo Nyeri, na Chogoria, ambako mganga Clive Irvine alianza kazi mwaka wa 1922.

Burkitt hakutosheka na majibu ya barua. Alitaka kupima. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo visivyoyeyuka, vinavyoonekana katika picha ya eksirei, kisha wakaangalia vilichukua muda gani kupita tumboni, na choo cha kila siku kilikuwa na uzito gani. Matokeo yalitolewa mwaka wa 1972 katika gazeti la waganga la London liitwalo The Lancet. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, waliokula vyakula vilivyokobolewa, safari ilichukua kama saa 83, na choo cha siku kilipata gramu 104. Kwa wanavijiji wa Uganda ilichukua kama saa 36, na choo kilipata gramu 470. Pengine msomaji atacheka kusikia kwamba watu wazima wenye elimu walipima vitu kama hivyo. Burkitt mwenyewe hakuona haya. Aliona kwamba tofauti ya matumbo ilikuwa imeandikwa humo, na kwamba sababu yake ilikuwa nyuzinyuzi za chakula.

Waliompinga hawakukosa hoja, na yafaa tuzisikilize. Walisema kwamba hospitali ya kijijini isiyo na vyombo haiwezi kuutambua uvimbe wa utumbo mpana. Kwamba mgonjwa anayehara damu aghalabu atahesabiwa kuwa ana amiba, akapewa dawa ya amiba, akaenda zake. Kwamba wengine hawakuja hospitali kabisa. Na kwamba maradhi mengine ni ya uzee, ilhali watu wengi hawakufika uzee huo. Juu ya yote, walisema, mambo mawili yakionekana pamoja haimaanishi kwamba moja limelizaa jingine. Mwanakijiji wa Uganda alitofautiana na baharia wa Uingereza kwa mambo mia, wala si kwa nyuzinyuzi pekee. Hoja hizo zilikuwa na haki. Burkitt na Trowell walikuwa wameuonyesha mlango, ila ufunguo hawakuwa nao.

Ufunguo ulitoka mahali ambapo hawakupategemea, nako ni katika vizimba vya panya. Kwa nini panya? Kwa sababu mwanadamu hawezi kufungiwa sandukuni tangu siku ya kuzaliwa kwake, akala chakula kimoja tu, kisha akapasuliwa ili tumbo lake litazamwe. Panya mdogo wa maabara hukua upesi, huzaa upesi, na ndugu zake wanaweza kufanana naye kama shilingi na shilingi, hata kama kuna tofauti wajulikane walioitia kwa mikono yao.

Kazi ya kuwalea wanyama bila kijidudu hata kimoja ilianza zamani. Mwaka wa 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alisema kwamba, kwa maoni yake, mnyama wa namna hiyo hangeweza kuishi. Miaka kumi baadaye Nuttall na Thierfelder, katika mji wa Berlin, walimtoa simbilisi tumboni mwa mamaye kwa kisu, wakamtia katika chombo kilichosafishwa na kumlisha maziwa yaliyotakaswa. Naye aliishi siku nane. Kisha zikaja kazi za Reyniers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, waliotumia masanduku ya chuma, na mwaka wa 1957 Trexler akaleta mahema ya plastiki yaliyokuwa rahisi zaidi. Tangu hapo wataalamu waliweza kuwa na panya safi kabisa, na kumpa kila mmoja kijidudu wanachotaka, kama mwalimu awaingizavyo wanafunzi darasani mmoja mmoja.

Mwaka wa 1993 wataalamu wa Köln, Ujerumani, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walitengeneza panya waliokosa protini moja iitwayo interlukini-10. Kazi ya protini hiyo ni kuwatuliza askari wa mwili, kuwaambia, kama tuseme, wekeni silaha chini. Panya wale wakapata uvimbe mkali wa utumbo. Lakini walipokaa katika vyumba vilivyolindwa na vijidudu vya maradhi, uvimbe ulikuwa mdogo. Hiyo ilikuwa dalili. Mwaka wa 1998 wataalamu wa Carolina ya Kaskazini, Marekani, waliithibitisha. Waliwalea panya wa aina hiyohiyo bila vijidudu kabisa, na matumbo yao yakakaa salama. Walipowatia bakteria wa kawaida, wale ambao panya wengine hukaa nao bila shida, uvimbe ulianza baada ya juma moja tu. Basi lile swali la zamani, askari wanapigana na nani, lilipata sehemu ya jawabu lake. Hawakuwa wakipigana na mvamizi kutoka mbali. Walikuwa wakipigana na wenyeji wa nyumba.

Mwaka wa 2007 likaja jambo la kushangaza zaidi. Huko Boston, Wendy Garrett na Laurie Glimcher na wenzao walikuwa na panya wenye kasoro katika kinga yao ambao walipata vidonda vya utumbo mpana. Waliona kwamba panya wazima, wasio na kasoro yo yote, walipolelewa pamoja na wagonjwa hao, nao walipata uvimbe. Dawa za kuua bakteria ziliwaponya wagonjwa. Kwa hiyo kasoro ya mwili ilikuwa imewabadilisha vijidudu, na vijidudu waliobadilika wakaweza kuuhamisha ugonjwa kwa mwenye afya. Mtu akiharibu tabia ya jirani, hasara haibaki kwake peke yake.

Hata hapo, nyuzinyuzi za Burkitt zilikuwa hazijaingia katika habari hii. Ziliingia mwaka wa 2016, kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao wa Luxembourg. Waliwachukua panya wasio na vijidudu, wakawapa aina 14 za bakteria wa utumbo wa mwanadamu, aina ambazo tabia zao zote zilijulikana. Kundi moja lililishwa chakula chenye nyuzinyuzi za kutosha. Jingine chakula kisicho nazo. Katika kundi la kwanza vijidudu walikula nyuzinyuzi na mambo yakawa shwari. Katika kundi la pili, wale waliozoea kula nyuzinyuzi walipungua, na wale wawezao kula sukari za ute wakaongezeka. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Hapa vijidudu waliokosa chakula waliila nguo yenyewe! Ute ukawa mwembamba, na ukuta ukakaa karibu wazi.

Kisha wataalamu wakaingiza bakteria mwingine aitwaye Citrobacter rodentium, ambaye huwapa panya maradhi ya utumbo. Panya waliokula nyuzinyuzi waliugua kidogo. Wale waliozikosa walipata uvimbe mkubwa, na wengi wao hali yao ikawa mbaya hata ikabidi wauawe. Na hapa msomaji na aangalie vizuri, maana ndipo ulipo uzuri wa kazi hiyo. Panya waliokosa nyuzinyuzi lakini wasio na bakteria wale 14 hawakuharibikiwa na ute kwa namna hiyo. Kwa hiyo kosa halikuwa la chakula peke yake, wala halikuwa la vijidudu peke yao. Vilihitajiwa vyote viwili kukutana: vijidudu, na njaa yao.

Hapo ndipo ufunguo ulipoingia katika mlango wa Trowell na Burkitt. Walikuwa wameona kwamba palipo na nyuzinyuzi nyingi utumbo waelekea kuwa salama, nao hawakuweza kueleza kwa nini. Panya walieleza njia moja, hatua kwa hatua, tangu ganda la nafaka hata ute, tangu ute hata ukuta, na tangu ukuta hata askari.

Lakini panya si mtu, na mwanafunzi mwenye busara atauliza mara moja kama mambo hayo yametazamwa kwa wanadamu. Yametazamwa kwa kiasi. Mwaka wa 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la kubadilishana chakula. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walilishwa kwa majuma mawili chakula chenye nyuzinyuzi nyingi cha namna ya Kiafrika, na watu 20 wa mashambani Afrika ya Kusini wakalishwa nyama, mafuta na viazi vya kukaanga kwa desturi ya Kimarekani. Katika majuma hayo mawili tu dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika, na butirati ikaongezeka kwa wale na kupungua kwa hawa.

Tena, mwaka wa 2025, yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa karibu nasi, chini ya mlima mwenzi wa huu wetu, yaani Kilimanjaro. Wataalamu wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume wazima 77. Wengine wa mashambani waliacha chakula chao cha ndizi, maharagwe, mboga na uji wa nafaka, wakala kwa majuma mawili mkate mweupe, soseji na viazi vya kukaanga. Wengine wa mjini walifanya kinyume. Wa tatu walikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, cha jamii ya mbege, kwa juma moja. Damu ya wale walioacha chakula cha wazee ilionyesha dalili nyingi zaidi za uvimbe, na seli zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu vya maradhi. Damu ya wale waliokirudia chakula hicho, na ya waliokunywa kinywaji kile, ilielekea kutulia. Mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana baada ya majuma manne. Jaribio hilo lilitazama damu, wala halikuufungua utumbo. Na majuma mawili si maisha. Lakini lilikwenda njia moja na yale ya panya.

Tukiisha kuyasikia hayo yote, tusije tukaanguka upande wa pili wa mashua. Si kweli kwamba kila kitu cha zamani kilikuwa bora. Orr na Gilks walikosea walipolisikiliza upande mmoja tu wa tumbo, lakini upungufu wa damu na meno mabovu waliyoyaona hawakuyaota. Mtoto wa Nyeri ahitaji maziwa, mayai na mboga za majani pamoja na githeri yake. Wala si kweli kwamba anayekula mahindi na njahi hawezi kuugua utumbo. Maradhi haya yana sababu nyingi, na baadhi yake ni za kuzaliwa nazo. Mtu anayehara damu, au anayekonda bila sababu, asijitibu kwa sahani ya maharagwe; na aende hospitali, kwa maana utumbo uliokwisha kuvimba pengine hauvumilii chakula kigumu mpaka utibiwe.

Lakini lililo kweli limebaki, nalo ni zito. Bakteria walewale watulishao wanaweza kutuumiza, na tofauti aghalabu hutoka katika hali tunayowaweka. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa wa tumboni huja siku ya kuzaliwa kwetu na hukaa mpaka siku ya kufa kwetu. Jembe lao ni nyuzinyuzi. Wakipewa, hulima shamba letu na kutupa kuni za kuzitia joto seli za ukuta wetu. Wakinyimwa, hawaondoki, hukaa bila kazi, na njaa huwafundisha kubomoa nyumba.

Katika miji ya mlimani leo, chakula cheupe na chororo kinauzwa kila pembe, na kila mwaka huwa rahisi zaidi kukipata kuliko mwere, wimbi au nduma. Hakuna sheria itakayomlazimisha kijana kuchagua. Atachagua mwenyewe, mara tatu kwa siku, maisha yake yote, kwa niaba yake na kwa niaba ya trilioni 38 wasio na sauti. Basi kesho kengele ya chakula ipigwapo, na sahani ya githeri iwekwapo mezani, na anung'unike kama desturi ilivyo. Lakini na ale, tena atafune vizuri.